Kusomeka si Kuelewana: Kitenzi 'Kusoma' na Utambuzi wa Mawasiliano ya USB katika Lugha ya Mafundi

Ikisiri

Makala hii inachunguza matumizi ya kitenzi kusoma katika lugha ya mafundi wa kompyuta, hasa katika kauli kama "waya unasoma" na "kifaa hakisomi". Kwa kutumia kisa kimoja kilichotokea mjini Babati, makala inaonesha kwamba kitenzi hicho kimoja hubeba hatua nne zilizo tofauti katika mawasiliano kati ya kompyuta na kifaa kilichounganishwa kwa waya wa USB: kuhisi, kutambua, kufungua mlango na kuelewana. Hoja yetu ni kwamba kitenzi chenyewe hakina kasoro, ila huficha msomaji. Na msomaji asipotajwa, fundi aweza kukifanyia kifaa kizima matibabu ya kifaa kilichokufa.

1.0 Utangulizi

Mwezi wa Juni mwaka 2019 mwandishi wa makala hii alikuwa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, kwa kazi ya kukusanya matini za Kigorowa. Mji huu ulio kwenye barabara kuu ya kutoka Arusha kwenda Dodoma ni mahali pa aina yake kwa mwanaisimu. Sokoni mwake mtu aweza kusikia, katika asubuhi moja, Kigorowa na Kiiraqw, ambazo ni lugha za Kikushi. Kimbugwe na Kirangi, ambazo ni za Kibantu. Na Kidatoga, ambacho ni cha Kiniloti. Wenye lugha hizo hukutana katika Kiswahili.

Jioni moja tuliitwa kusaidia jambo lisilohusu matini. Kikundi kimoja cha wakulima wa mahindi na mbaazi nje ya mji kilikuwa na kifaa cha kupimia mvua ambacho huhifadhi vipimo vyake katika kumbukumbu ya ndani. Kifaa kilikuwa cha zamani, na mlango wake wa kutolea data ulikuwa ule wa pini tisa ambao kompyuta nyingi za siku hizi hazina. Kwa hiyo fundi alikuwa amenunua waya wa kugeuzia, wenye kichwa cha USB upande mmoja na kichwa cha pini tisa upande wa pili. Sisi tuliitwa kwa sababu kitabu cha maelekezo kilikuwa cha Kiingereza.

Fundi alitueleza tatizo kwa sentensi moja: "Mwalimu, waya unasoma, ila kifaa hakisomi." Mzee aliyekuwa na dhamana ya kifaa akahitimisha: "Basi kimekufa. Tukianzishe upya tuone." Kitabu cha maelekezo kilikuwa kimeonya wazi kwamba kitufe cha kuanzisha upya hufuta kumbukumbu yote. Ndani ya kumbukumbu hiyo mlikuwa na vipimo vya misimu miwili ya masika, ambavyo havikuwa vimeandikwa mahali pengine popote, na ambavyo kikundi kilivihitaji ili kupanga wiki ya kupanda.

Tulimwomba mzee asubiri kidogo. Katika kusubiri huko ndipo lilipozuka swali ambalo makala hii inajaribu kulijibu: fundi anaposema kuwa kifaa "hakisomi", ni nani hasa ambaye hasomi, na ni kitu gani kisichosomwa?

2.0 Kitenzi 'kusoma' katika lugha ya mafundi

Msemaji yeyote wa Kiswahili cha Tanzania amepata kusikia sentensi kama hizi:

(1) Kompyuta inasoma flashi.
(2) Flashi inasoma.
(3) Simu haisomi laini.
(4) Laini haisomi.

Katika (1) na (3) mtenda yupo: kompyuta na simu ndizo zinazosoma au zisizosoma. Katika (2) na (4) kitu kinachosomwa kimekaa mahali pa kiima, lakini kitenzi hakikupewa kiambishi cha kutendeka. Sarufi ya shuleni ingetazamia inasomeka na haisomeki. Hata hivyo, muundo huu si kosa, wala si mgeni katika Kiswahili. Tunasema "chumba hiki kinalala watu watatu", ilhali chumba hakilali. Kiswahili huruhusu kiima kisicho mtenda mradi wasikilizaji wajue ni nani mtenda halisi.

Shida yaanzia hapo. Katika mfano wa chumba, mtenda ametajwa baada ya kitenzi: ni watu watatu. Katika "flashi haisomi" mtenda hayupo kabisa. Kwa flashi hasara si kubwa, kwa kuwa msikilizaji hudhani kuwa msomaji ni kompyuta, na mara nyingi dhana hiyo hutosha. Lakini kwa waya wa kugeuzia kama ule wa Babati, wasomaji ni wanne, nao husoma vitu vinne tofauti. Sentensi "hakisomi" inaweza kuwa kweli kwa mmoja wao na uongo kwa wengine watatu.

Hapa inafaa kukumbuka uchambuzi wa Roman Jakobson uliochapishwa mwaka 1960. Miongoni mwa vipengele sita alivyovitaja katika kila tendo la mawasiliano, alitenganisha mguso, yaani ile njia inayowaunganisha wasemaji wawili, na msimbo, yaani lugha wanayoshirikiana. Mtu anayesema "haloo" katika simu anapima mguso. Hajajua bado kama mwenzake anasema lugha yake. Kitenzi kusoma, katika matumizi ya mafundi, hukunja mguso na msimbo katika neno moja.

3.0 Hatua nne za mawasiliano

3.1 Kuhisi

Waya wa USB wa kawaida una nyaya nne ndani yake: mbili za umeme wa volti 5, na mbili za data. Upande wa kompyuta, kila waya wa data huvutwa chini na rezista ya omu 15,000, hivyo mlango ulio mtupu huwa kimya. Upande wa kifaa, mmoja kati ya nyaya hizo mbili huvutwa juu na rezista ya omu 1,500. Mara kichwa kinapochomekwa, waya huo hupanda, na saketi ya kompyuta huhisi kuwa pamekuja mgeni. Isitoshe, waya uliopanda hueleza kasi ya mgeni: mmoja humaanisha biti milioni 12 kwa sekunde, mwingine biti milioni 1.5. Ndivyo ilivyowekwa katika kanuni za kwanza za USB zilizotolewa mwaka 1996, na ndivyo mgeni wa aina hiyo anavyopokewa hadi leo.

Msomaji wa kwanza, basi, ni saketi, na anachosoma ni volti tu. Nyaya za data zikiwa zimekatika, au waya ukiwa ni ule wa kuchajia tu usio na nyaya za data, hatua hii hushindikana, na kompyuta haitoi hata mlio.

3.2 Kutambua

Baada ya kuhisi, kompyuta humrudisha mgeni katika hali ya mwanzo, kisha humwuliza habari zake kwa kutumia anwani 0, ambayo ni ya kila asiyepewa anwani bado. Mgeni hujibu kwa maelezo ya baiti 18, na hupewa anwani yake kati ya 1 na 127. Ndani ya maelezo hayo zimo namba mbili: ya mtengenezaji na ya bidhaa. Namba 0403 ni ya kampuni ya FTDI ya Glasgow, Uskoti. 067B ni ya Prolific ya Taiwan. 10C4 ni ya Silicon Labs ya Marekani. Na 1A86 ni ya chipu za WCH za China. Kwa namba hizo mfumo endeshi hutafuta draiva inayofaa. Draiva ikikosekana, mgeni amejulikana kuwa yupo, lakini hakuna awezaye kumhudumia.

Kwa kuwa utambuzi hutegemea namba tu, namba huweza kughushiwa. Chipu nyingi za bei rahisi zilitoka viwandani zikijitangaza kwa namba za FTDI. Mwaka 2014 draiva mpya ya kampuni hiyo, iliyosambazwa pamoja na masasisho ya Windows, ilizibadili namba za bidhaa za chipu hizo kuwa 0000, nazo zikaacha kutambuliwa na kompyuta. Baada ya malalamiko kampuni iliiondoa draiva hiyo. Nyaya zilizoathirika zilikuwa zingali nzima. Kilichopotea ni jina.

Hapa pana jambo ambalo ndilo kiini cha makala hii. Jina linalosomwa katika hatua ya pili ni jina la chipu iliyomo ndani ya waya wa kugeuzia. Silo jina la kifaa kilicho mwisho wa waya. Upande wa pini tisa hufuata kanuni ya RS-232, ambayo ilitolewa kwanza mwaka 1960, miaka 36 kabla ya USB. Kanuni hiyo haina utaratibu wowote wa kujitambulisha. Ina waya wa kutuma, waya wa kupokea, waya wa ardhi, na nyaya chache za ishara. Ni volti zinazopanda na kushuka, bila jina wala anwani. Kwa sababu hiyo waya wa kugeuzia hutambuliwa kikamilifu hata kama mwisho wake unaning'inia hewani. Fundi anaposema "waya unasoma", amesema kweli, lakini hajasema neno lolote kuhusu kifaa. Mkalimani amefika na kujitambulisha. Tuliyemleta amtafsirie hajafungua kinywa.

3.3 Kufungua mlango

Draiva ikipatikana, mfumo endeshi hutengeneza mlango wa kuwaziwa na kuupa jina. Katika Windows jina huwa kama COM3 au COM7. Katika Linux huwa ttyUSB0 au ttyACM0. Herufi tty ni kumbukumbu ya mashine za teletype, taipureta za umeme zilizopelekeana maandishi kwa waya. Programu za terminali za leo, kama PuTTY na minicom, ni warithi wa mashine hizo.

Msomaji wa tatu ni programu hiyo ya terminali, na anachohitaji ni kuufungua mlango kwa jina lake. Hatua hii hushindikana kwa njia kadhaa. Programu nyingine yaweza kuwa imeushika mlango uleule. Katika Linux, mtumiaji aweza kukosa ruhusa. Katika mifumo kadhaa ya jamii hiyo hulazimika kuingizwa katika kundi liitwalo dialout. Tena zipo programu za zamani zilizotungwa wakati kompyuta ilipokuwa na milango michache ya aina hii, nazo hujua COM1 hadi COM4 tu. Windows ikiupa waya jina la COM7, programu kama hizo huonesha orodha tupu. Mtumiaji asiyejua hudhani kifaa hakipo.

Aidha, HyperTerminal, programu ya terminali iliyokuja na Windows tangu toleo la 1995 hadi Windows XP, iliondolewa katika Windows Vista ya mwaka 2007. Maelekezo ya vifaa vya zamani yanayomwagiza msomaji aifungue humwacha njia panda.

3.4 Kuelewana

Mlango ukishafunguliwa, hubakia msimbo. Katika mawasiliano ya RS-232 biti hupita moja baada ya nyingine, wala hakuna saa inayotembea pamoja nazo. Pande mbili lazima ziwe zimekubaliana mapema mambo haya: kasi, idadi ya biti za kila herufi, biti ya ulinganifu kama ipo, na biti ya kumalizia. Kasi hupimwa kwa baudi, neno litokanalo na jina la Émile Baudot, mhandisi wa simu za maandishi wa Ufaransa. Kasi ya 9600 pamoja na biti 8, bila ulinganifu, na biti 1 ya kumalizia, humaanisha kwamba kila herufi huchukua biti 10 ikihesabiwa na ile ya kuanzia. Yaani herufi 960 kwa sekunde.

Kasi zikitofautiana, skrini hujaa alama zisizo na maana. Nyaya za kutuma na kupokea zikiwa hazikupishana inavyotakiwa, skrini hubaki tupu, maana pande zote mbili zinasema katika waya mmoja na kusikiliza katika mwingine. Ikiwa upande mmoja unangoja ishara ya ruhusa ambayo mwenzake haitoi, napo patakuwa kimya. Makosa haya yote hutokea wakati hatua tatu za kwanza zimekamilika bila dosari.

4.0 Kisa cha Babati

Kwa vigezo hivyo tulimrudia fundi na kumwuliza maswali manne kwa mpangilio. Je, kompyuta ilitoa mlio ulipochomeka waya? Alijibu kuwa ilitoa. Je, jina la chipu lilionekana katika orodha ya vifaa bila alama ya onyo? Lilionekana. Mlango ulipewa jina gani? COM7. Programu iliyokuja na kifaa huorodhesha milango ipi? Hapo fundi akacheka mwenyewe, kwani orodha iliishia COM4. Kauli ya kwamba "kifaa hakisomi" ilikuwa na maana hii tu: programu moja ya zamani haikujua kuhesabu hadi saba.

Fundi alifungua PuTTY, akaandika COM7 kwa mkono, akaacha kasi ya 9600 kama ilivyokuwa, kisha akabonyeza kitufe cha kutolea data. Mistari ikaanza kushuka, lakini imechanganyika: tarakimu kati ya alama za ajabu. Mzee akasema kwa huzuni kwamba sasa data imeoza.

Mwanaisimu huzoea kupewa vurugu na kuulizwa kama ndani yake mna utaratibu. Tulipotazama kwa makini tuliona kwamba tarakimu 0, 3, 5, 6 na 9 zilitokea mara kwa mara, na zote safi. Tarakimu 1, 2, 4, 7 na 8 hazikutokea hata mara moja. Mahali pake palikuwa na alama za ajabu, na alama moja haikuchukua nafasi mbili tofauti. Data iliyooza haiozi kwa kuchagua. Kilichokuwa mbele yetu kilikuwa lafudhi.

Maelezo yake ni haya. Katika msimbo wa ASCII, ambao kila herufi yake ni ya biti 7, tarakimu 0 huandikwa 0110000, yenye moja mbili. Tarakimu 1 huandikwa 0110001, yenye moja tatu. Kifaa kinachotumia ulinganifu wa shufwa huongeza biti ya nane ili jumla ya moja iwe shufwa daima. Kwa 0, 3, 5, 6 na 9, ambazo tayari zina idadi shufwa, biti inayoongezwa ni sifuri, na herufi haibadiliki. Kwa 1, 2, 4, 7 na 8 biti inayoongezwa ni moja. Terminali iliyoambiwa kuwa biti zote nane ni za herufi huihesabu biti hiyo ya ukaguzi kuwa sehemu ya neno, na kuonesha herufi nyingine kabisa. Kwa kuwa katika mipangilio yote miwili kila herufi huchukua biti 10, pande hizo hazipotezani. Huendelea kwenda pamoja huku zikielewana nusu.

Ukurasa wa mwisho wa kitabu cha maelekezo ulithibitisha hayo: 9600, biti 7, ulinganifu wa shufwa, biti 1 ya kumalizia. Fundi alibadili mipangilio miwili, akaiagiza PuTTY ihifadhi yote katika faili, akabonyeza tena. Masika yote mawili yakashuka skrinini, siku baada ya siku. Mzee aliomba tumsomee kwa sauti siku ya mvua ya kwanza ya kila msimu, na alipozisikia alitikisa kichwa kukubali, maana alizikumbuka.

5.0 Athari kwa uundaji wa istilahi

Juhudi za kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya kompyuta zina historia ya kuheshimika. Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004 kutokana na mradi wa Kilinux uliokuwa na makao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliwapa Waswahili programu za ofisi zenye menyu za lugha yao. Lakini kazi za namna hiyo zilielekea zaidi kwenye uso wa programu: majina ya faili, hariri, hifadhi na chapisha. Tabaka la chini, ambamo kompyuta hukutana na waya, limeachiwa mafundi, nao wamejitengenezea lugha yao: poti, draiva, inasoma, haisomi.

Hatushauri kulifuta neno kusoma. Ni neno hai, fupi, na limejengwa kwa kanuni ambazo Kiswahili kinazo. Tunachopendekeza ni kwamba katika maelekezo ya maandishi na katika ufundishaji, msomaji atajwe, na kila hatua ipewe kitenzi chake:

(5) Saketi inahisi waya.
(6) Mfumo unatambua chipu.
(7) Programu inafungua mlango.
(8) Terminali na kifaa vinaelewana.

Vitenzi hivi vinne vyote vinajulikana na kila mtu. Hakuna hata kimoja kilichohitaji kubuniwa. Tena katika (8) Kiswahili kinatupa faida ya pekee. Kiambishi cha kutendana katika kuelewana chadai pande mbili. Mtu hawezi kusema "kifaa hakielewani" bila kuulizwa "na nani?", na swali hilo ndilo hasa linalomwongoza fundi kwenye mipangilio ya terminali. Kitenzi kusoma hakimlazimishi mtu kuuliza chochote.

6.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonesha kwamba kauli "kifaa hakisomi" si kauli moja bali ni nne, na kwamba waya wa kugeuzia kutoka USB kwenda RS-232 huzitenganisha kauli hizo waziwazi, kwa sababu una chipu inayojitambulisha upande mmoja na njia isiyo na jina upande wa pili. Kutambuliwa kwa waya si ushahidi wa uzima wa kifaa. Wala kimya cha kifaa si ushahidi wa kifo chake. Mwalimu anayefundisha mafundi, na mfasiri anayeandika maelekezo, wana wajibu wa kuzitenga hatua hizo kwa maneno kabla mtu hajagusa kitufe cha kufuta.

Wakazi wa Babati hawahitaji kufundishwa jambo hili upya, kwani huliishi kila siku ya soko. Mtu akisikia sauti nyuma yake hujua kuwa pana msemaji; akigeuka humtambua ni nani; akisalimiwa hujua mlango umefunguliwa; na bado hutega sikio kujua ni lugha ipi inayokuja. Akiona hakuelewa, hasemi kuwa mwenzake ni bubu. Hubadili lugha.